Kiziwi Alikuwa Anasikia

Jumatatu, 9 Machi

Mvua imeanza, andika hivyo kwanza. Haya. Mjukuu wangu ndiye aliyesema mimi niwe nasema na mkwe wangu awe anaandika, kila siku au siku nitakayokuwa na la kusema. Nikamwambia siku nisiyokuwa na la kusema mtakuwa mmeshanifukia. Akacheka, lakini namjua. Anataka mdomo wangu upate shughuli, yeye akae mezani na kompyuta yake bila kuulizwa hiyo nini, na hiyo nini. Mimi sikusoma. Kwetu ilionekana mmoja abaki na ng'ombe, na huyo mmoja nikawa mimi. Herufi nikizitazama naona wadudu waliokaukia ukutani.

Mkwe, umeandika wadudu? Haya.

Huyu anayeandika ni mke wa mwanangu, yule dereva wa malori ambaye nusu ya maisha yake yuko barabarani. Namsema mbele yake kwa sababu hana pa kukimbilia. Maneno anayatoa kama mtu anayedondosha dawa ya macho. Nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii na sijui anawaza nini. Ona, nimemsema hapa hapa na hata kichwa hakuinua.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Ijumaa, 13 Machi

Leo tumehamisha sanduku langu la bati kwa sababu ya hayo maji, na ndani yake, chini ya makoti ya marehemu mume wangu, ndimo ilimo ile kaseti.

Nieleze vizuri, atakayesoma hajui. Binti yangu, mama wa huyu mjukuu, aliolewa mbali. Akajifungulia huko. Kuandika alijua sana tu, lakini mimi kusoma sijui, akasema mama sitaki maneno yangu usomewe na majirani. Akajirekodi. Upande mzima wa kaseti, anaongea na mimi, mtoto yuko mapajani. Kaseti ikafika. Baada ya kaseti zikafika habari mbaya. Baada ya habari akafika mtoto, kabebwa na mtu wa upande wa mume, kafungwa shuka kama mkate. Kaseti tuliipiga mara moja siku zile za msiba, watu wanalia, mimi nalia, nani alisikia kitu? Nikaifungia. Kila nikitaka kuitoa mkono unakataa. Redio nayo ikafa, nikapata kisingizio.

Mjukuu akaishika kama yai. "Bibi, humu ndimo alimo?"

"Ndimo."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Ulikuwa unanyonya."

Akakaa chini sakafuni, mtu mzima na kazi yake ofisini, akakaa chini kama mtoto. "Aliniitaje? Sio jina la cheti. Alivyokuwa ananiita mwenyewe akinibembeleza."

Nikasema sijui, mwanangu. Alikuwa anakuita kitu humo ndani, hilo nakumbuka, lakini lilizama kwenye kilio. Tangu hapo huyu mtoto hana habari nyingine. Chai imepoa mbele yake.

Jumamosi, 14 Machi

Tumekwenda kwa fundi redio, yule ambaye huniita mchumba kwa kuwa hajui nilivyo mkali kwa waume. "Mchumba, umeniletea nini leo, posa?" Nikamwonyesha kaseti, utani ukamtoka. Akaiinua kwenye mwanga. "Hii imeota kuvu. Unga wenyewe, ule ulioshika sauti, unabanduka." Akasema ikaushwe kwenye sanduku lenye balbu, polepole, na siku itakayotoka humo ipigwe siku hiyo hiyo kabla haijanywa unyevu tena. "Na itapigwa mara moja. Ya pili msiniite, nitakuwa nimehama mji." Ametuazima sanduku hilo na redio kaseti.

Mjukuu njia nzima alitembea mbele. Mimi ndiye niliyesema.

Jumanne, 17 Machi

Kaseti iko kwenye sanduku la balbu, inapashwa joto kama kifaranga. Mjukuu anatengeneza programu ya kuirekodi. Kompyuta yake ni nzee, ofisi walikuwa wanaitupa, ukiiambia isikilize na kuhifadhi kwa pamoja sauti inarukaruka. Basi programu yake inasikiliza kwanza, inashika yote mkononi, mwisho kabisa ndipo inaweka rafuni. Rafu ndiyo neno langu. Yeye alisema neno jingine, nimeliacha kwake.

Leo tumejaribu na kaseti ya fundi, mpira wa zamani, mtangazaji anapiga kelele kama kaibiwa. Mjukuu akanionyesha: ukitaka programu isimame katikati, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kile kirefu cha pembeni na kile chenye umbo la mwezi mchanga. Amevipaka rangi ya kucha nyekundu kwa ajili yangu. Akabonyeza. Mtangazaji mwenyewe kwenye redio anaendelea kubwata, lakini lile dirisha jeusi la kompyuta likatulia. Akaenda kuangalia rafuni. Hakuna kitu.

"Mpira umekwenda wapi?"

"Umekufa na programu, Bibi. Ukibonyeza hivi, unatuma ishara. Programu ambayo haikufundishwa cha kufanya ikipata ishara hii, inakufa hapo hapo iliposimama. Haiweki hata sufuria chini."

Nikasema hao nawajua, hata watu wapo hivyo. Nikaanza kumweleza habari za shemeji yangu. Akasema, "Bibi, anti yuko jikoni na daftari." Anti ndivyo anavyomwita mkwe wangu. Ndipo nikaja hapa.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua mchana kutwa. Leo mjukuu ameifundisha programu isijali. Ukibonyeza, inaiacha ishara ipite juu ya kichwa. Nikabonyeza mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, mara nyingi nilivyotaka: wapi! Inaendelea tu. Nikaipa jina hapo hapo: Kiziwi. Mjukuu amelipenda, na sasa hata yeye anasema Kiziwi amefanya hivi, Kiziwi amekataa vile.

Kumsimamisha ikawa kazi. Ikabidi afungue dirisha jingine, atume ishara nyingine kabisa. Hiyo, anasema, hakuna programu inayoweza kuipuuza wala kuipokea. Haizungumzi na programu, inazungumza na mfumo mzima: mwondoe huyu. Na huyo anaondoka na vyote alivyoshika.

"Haulizwi?"

"Haulizwi, Bibi."

Najua mawazo yake yalikokwenda, kwa mama yake, na yeye anajua yangu yalikokwenda.

Halafu nikamwambia, mke mwenzangu, mimi Kiziwi namwogopa. Siku akigoma nikiwa peke yangu na yeye nitamfanyaje? Huo uchawi wa dirisha la pili siujui. Niachie njia ya kumnyamazisha kwa vitufe hivi hivi vyekundu. Akafikiri. Akasema sawa.

Ni mimi niliyeomba. Iandike vizuri hiyo.

Jumatatu, 23 Machi

Kiziwi amepewa masikio. Mjukuu anasema amemwekea mpokeaji mlangoni. Ishara ikija, mpokeaji haruhusiwi kufanya kazi kubwa, maana hajui wenzake ndani wamefikia wapi, anaweza kuwavuruga. Anainua bendera tu. Programu inaendelea na kipande kilichoko mkononi, ikikimaliza inatazama: bendera iko juu? Basi inaacha kusikiliza, inachukua yote iliyoshika, inapanga rafuni, ndipo inafunga mlango na kuondoka. Nikasema huyo sasa kalelewa.

"Lakini kupanga rafuni kunachukua muda, Bibi, mashine ni nzee. Na umeniomba njia ya kumnyamazisha. Kwa hiyo nimefanya hivi: ukibonyeza mara ya kwanza ni ombi, anamalizia. Ukibonyeza tena kabla hajamaliza ni amri, anakufa. Umeelewa? Mara moja tu."

"Mara moja tu."

"Halafu?"

"Halafu nazima redio."

"Kwa sababu?"

"Kwa sababu umeniambia."

Akacheka, akanibusu kichwani. Ningesema sijui kwa sababu gani, angenieleza.

Alhamisi, 26 Machi

Hakuna. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 28 Machi

Mkwe, usinitazame, andika. Kama nalia andika hata hivyo.

Leo ndiyo siku ambayo fundi alisema kaseti itoke. Asubuhi mvua ilikuwa ya ndoo. Mjukuu alivaa nguo nzuri. Nikamtania, unakwenda wapi na gauni hilo, akasema, "Naenda kumwona mama." Na mimi nikajifunga kanga upya.

Akaiweka. Akaanzisha Kiziwi. Akabonyeza redio. Kwanza ni upepo, kama mtu anakaanga kitu mbali. Halafu akakohoa. Binti yangu. Akakohoa kile kikohozi chake cha kusafisha koo anapotaka kuongea, na mjukuu akaninyaka mkono, akasema, "Ni yeye?" Nikaitikia kwa kichwa. Na simu ikalia.

Ofisini. Maji yameingia chumba cha mitambo, yeye ndiye mwenye kujua kipi kizimwe kwanza, na bila hivyo hospitali zinazotegemea mitambo ile zinabaki gizani. Alisimama hapo na simu sikioni, anatazama redio. Kuisimamisha hatuwezi, kila ikisimama na kuanza unga unabanduka. Akasema, "Nitaisikiliza jioni, yote. Kiziwi ananishikia." Akavitazama vile vitufe vyangu viwili vyekundu. "Bibi, ikilia vibaya?"

"Mara moja tu."

"Anti akae na wewe."

Hapa ndipo nilipokosea. Nikasema anti wa nini? Kukaa na kusikiliza ndiko kutakakonishinda? Akatoe maji jikoni. Andika, mkwe: nilikufukuza. Nilitaka binti yangu awe wangu peke yangu, nisigawane na mtu asiyemjua hata sura. Mjukuu akaondoka anakimbia, gauni limeshalowa mlangoni.

Nikabaki naye. Jamani, sauti ile. Nilidhani nitaisikiliza kimya kama watu wenye akili. Lakini alipoanza, "Mama, hujambo," mdomo wangu ukajibu wenyewe, sijambo mwanangu, na toka hapo sikufunga. Yeye anaongea, mimi naongea. Akisema mvua, namwambia ya huku. Akisema paa, namwambia hata langu. Namgombeza kwa nini alikwenda mbali. Namweleza mtoto alivyokua, kazi yake, ubishi wake. Tuliongea kama zamani, kila mtu juu ya mwenzake.

Ndipo redio ikaanza kunguruma. Sauti ikawa nzito kama ya mwanamume, ikavutika, ikalia kama paka. Utepe unaliwa. Nikasimama. Nikabonyeza, mwezi mchanga na kile kirefu, mara moja, kama nilivyofundishwa. Pale kwenye dirisha jeusi wakatokea wadudu wapya, mstari mmoja. Na kelele ikaendelea. Redio inatafuna. Nikasubiri. Inatafuna. Nikasema huyu Kiziwi amerudia uziwi wake, anamtafuna mwanangu na mimi natazama!

Mkwe akatokea mlangoni na beseni. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Mama, ngoja! Pameandikwa hapo..."

"Niache na kuandikwa kwako!"

Nikabonyeza tena. Na tena.

Dirisha likatulia. Redio ikaendelea kunguruma vilevile. Mkwe ndiye aliyekwenda akaizima, kwa kidole kimoja. Kukawa kimya, nikasikia maji jikoni. Nikamuuliza, pameandikwa nini? Akatazama chini. Akasoma yale yaliyobaki kwenye kioo: "Nimesikia. Ninaweka rafuni. Tafadhali usibonyeze tena."

Jumapili, 29 Machi

Sitaki kusema leo.

Hapana, rudi, kaa. Mjukuu alirudi jana jioni, viatu mkononi, matope mpaka magotini, na kitu cha kwanza alichouliza ni, "Imeisha vizuri?" Nikafungua mdomo. Mimi! Hakuna kilichotoka. Mkwe wangu akasema, "Nilikuwa jikoni. Ningekuwa karibu ningesoma. Kosa ni langu." Na mimi, Mungu ananiona, nikaiacha hiyo sentensi ikae pale chumbani. Kwa muda niliiacha, kwa sababu ilikuwa imenifunika vizuri. Halafu nikasema hapana. Nikasema yote.

Alikaa kwenye kompyuta, akapekua rafu nzima, hakuna. Akarudia. Akatazama utepe ulioning'inia kwenye redio kama utumbo. Nilitaka anitukane. Akasema tu, polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Kelele ilikuwa ya redio, Bibi. Kiziwi hagusi redio. Kiziwi alikuwa amekusikia ile mara ya kwanza."

"Ningejuaje?"

"Usingejua. Nimemwandikia bibi yangu maneno kwenye kioo." Akafunika uso. "Nimekaa na wewe tangu nikiwa kwenye shuka, na nikamwandikia bibi yangu maneno kwenye kioo."

Jumanne, 31 Machi

Fundi amekuja mwenyewe, mvuani, hakuniita mchumba. Ameukata utepe, ameunyoosha, ameuunga kwa gundi. Unga umebaki kwenye vidole vyake, wa kahawia. Tukaupiga: upepo mtupu. Akaomba radhi kana kwamba yeye ndiye.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Mjukuu anakwenda kazini, anarudi, anakula, anasema asante.

Mkwe wangu ananitengea chai kabla sijaomba. Nadhani alikuwa anafanya hivyo siku zote. Jana nilimuuliza kitu, nikajilazimisha kusubiri, na kumbe maneno anayo, yanachelewa tu kufika mlangoni. Aliniambia kwamba alimwona binti yangu mara moja, siku ya harusi yake mwenyewe huyu mkwe, na kwamba binti yangu ndiye aliyemshonea kifungo kilichokatika. Miaka yote nimesema hamjui hata sura. Sikuwahi kumuuliza.

Jumatano, 8 Aprili

Mjukuu amekaa tena mezani, nikafurahi kumwona mgongo. Anamtengeneza Kiziwi upya. Sasa kila kipande kinachosikika kinawekwa rafuni kabla ya kinachofuata, hata kama sauti itarukaruka, bora irukeruke. Na ukibonyeza anasema kwa sauti, si kwa maandishi. Amemwekea sauti yake mwenyewe: "Nimesikia, Bibi, namalizia." Nimebonyeza nikasikia. Ni kazi nzuri sana. Hatuna kaseti ya kumpigia.

Jumapili, 12 Aprili

Jua limetoka leo, la kwanza. Tumetoa magodoro nje. Mjukuu akaja akakaa karibu na miguu yangu, hapa hapa ulipo wewe mkwe, na wewe ulikuwepo, lakini andika.

Akasema, "Bibi, wewe uliisikia. Wewe peke yako. Niambie alisema nini."

Nikaogopa kuliko siku ile ya kunguruma. Nikaanza. Alisema hujambo mama. Alisema mvua ya huko haina adabu. Alisema paa lao lilivuja juu ya kitanda, wakahama na kitanda chumba kizima usiku ule, kila kona inavuja, mwisho wakalala wote watatu chini ya meza, na baba yako miguu yake imebaki nje, asubuhi ilikuwa imekunjamana kama ya bata. Hapo alicheka mpaka akapaliwa. Mjukuu naye akacheka, machozi yanamtoka. "Halafu?" Halafu akasema una mdomo wangu. Halafu, nikasema, halafu... na nikaona pale pengine pote pamejaa sauti yangu mimi. Natafuta yeye, namkuta mimi namweleza habari za ng'ombe.

"Na mimi aliniita," akasema mjukuu. "Si ulisema aliniita?"

Nikamtazama. Nilikuwa na jina. Lilikuja lenyewe mdomoni, tamu, la kubembeleza, jina ambalo mama yeyote angempa mtoto. Angelichukua. Angelibeba maisha yake yote na kuwaambia wanawe, na nani angenipinga, kaseti? Mkwe wangu alikuwa ananitazama na kalamu haiendi. Nimesema maneno mengi maishani, mengine hata hayakuwa na kichwa, na sijawahi kuona neno zito kumeza kama lile.

Nikasema, "Sikusikia, mwanangu. Nilikuwa naongea."

Akachuma nyuzi za mkeka, moja, nyingine. Jua likasogea mpaka likafika magodoroni. Nikadhani atainuka aende zake, na ningemwelewa. Akalaza kichwa kwenye paja langu.

"Basi nirudie ile ya paa," akasema.

Nikamrudia ile ya paa.